Betri ya ATV inakufa ikikaa usiku, na hata injini ikiwaka haichaji sawasawa. Nianzie wapi?

TopeMagotini

Wakuu, salamu. Nina ATV (ile pikipiki ya magurudumu manne) ya cc 500, silinda moja, mfumo wa injeksheni. Niliichukua ikiwa imeshatumika. Aliyekuwa nayo kabla yangu alifunga winchi mbele, upau wa taa za LED na soketi ya USB kwenye usukani, ile yenye kioo kidogo cha kuonyesha volti.

Shida ni hii. Naizima jioni ikiwa safi kabisa. Ikilala usiku mmoja, asubuhi stata inajivuta kama haitaki. Ikikaa siku mbili, nasikia relei (swichi ya umeme ya stata) inalia tik tik tik na hakuna zaidi. Betri ya kwanza niliambiwa imekufa, nikaweka mpya, AGM (betri ya risasi iliyofungwa, haiongezwi maji) ya Ah 14, yaani ampea-saa 14. Hiyo mpya nayo imeanza tabia ileile.

Injini ikiwaka, napima kwenye vichwa vya betri napata volti 12.7. Nikiongeza mafuta inafika 12.9 halafu inacheza cheza hapo. Taa za mbele pia zinapepesa, hasa injini ikiwa chini.

Fundi mmoja aliisikiliza tu akasema koili ya kuchaji imeungua, ninunue nyingine. Kuifikia lazima oili imwagwe na kifuniko cha ubavuni kifunguliwe, gasketi mpya na kila kitu. Kabla sijaingia huko nauliza wenye uzoefu. Multimita ninayo, kupima volti najua. Kupima ampea sijawahi.

Kifaru_Mwekundu

Mkuu hiyo ni winchi, usisumbuke. Relei ya winchi ikiingia maji inakunywa betri kimyakimya. Fungua waya za winchi, lala, asubuhi uje hapa uniambie.

Na kujua kama inachaji ni kazi ya dakika moja: iwashe, kisha chomoa waya mmoja wa betri ikiwa inanguruma. Ikizima, haichaji.

FundiNyaya

Naanza na la hatari kabla mtu hajaenda kulifanya. Msichomoe waya wa betri injini ikiwa inanguruma. Kwenye hizi za injeksheni betri ndiyo inayomeza miruko ya volti. Ukiitoa, umeme unaotoka kwenye koili unapanda ghafla, na wa kwanza kuungua ni kompyuta ya injini iliyokuwa nzima. Kifaru, si kwa ubaya ndugu yangu. Hilo la winchi ni sawa kulipima, na tutalipima.

Sasa TopeMagotini. Una maswali mawili umeyafunga kamba moja. La kwanza: nani anakula betri usiku wakati swichi imefungwa? La pili: kwa nini mchana betri hairudishiwi? Koili iliyoungua inaweza kujibu la pili. La kwanza hailijibu yenyewe, kwa sababu injini ikizimwa daiodi (vipande vinavyopitisha umeme upande mmoja tu) za rekitifaya, kile kifaa kinachogeuza umeme wa koili uweze kuchaji betri, zinazuia umeme wa betri usirudi kwenye koili. Kwa hiyo aliyekwambia koili ameacha nusu ya ugonjwa nje ya maelezo yake. Kuna kifaa kimoja kwenye hiyo pikipiki chenye mguu pande zote mbili, lakini sikitaji. Nikikitaja utakwenda kukinunua, na hapa hatununui kitu mpaka mita iseme.

Betri kwanza, maana ukipima mfumo kwa betri mbovu namba zote zinakudanganya. Ichaji kwa chaja ndogo, sehemu moja ya kumi ya uwezo wake, yaani kama ampea 1.4 kwa hiyo ya Ah 14. Chaja kubwa ya lori iache huko iliko. Ikijaa, iache ipumzike saa kadhaa bila kuunganishwa na kitu, kisha pima. AGM nzima iliyojaa inakupa 12.8 au zaidi kidogo. Ikikupa 12.4 ujue haijajaa au haishiki. Halafu mtu akubonyezee stata huku unatazama mita: ikidumbukia chini ya volti 10 hivi, hiyo betri imeshachoka. Betri ya risasi ikiachwa tupu inajenga salfeti kwenye sahani zake, kwa hiyo hiyo "mpya" iliyokufa mara kadhaa huenda si mpya tena.

Tukija kwenye mwizi wa usiku. Swichi imefungwa, ufunguo mfukoni. Fungua waya wa hasi wa betri, si wa chanya. Ukianza na chanya spana ikagusa fremu, utaona cheche za bure. Hamisha waya mwekundu wa mita kwenye tundu la 10A, geuza kitufe kwenye ampea za DC (umeme wa upande mmoja, kama wa betri), kisha mita ikae katikati: ncha moja kwenye waya wa hasi uliouchomoa, nyingine kwenye kichwa cha hasi cha betri. Umeme wote unaotoka betrini sasa unapita ndani ya mita. Ndiyo maana usiguse stata, usiguse winchi, usifungue swichi. Fyuzi ya mita itakatika kabla hujajua umefanya nini. Subiri dakika chache, vifaa vingine huchelewa kulala. Ikisoma kidogo sana, ndipo uhamie kwenye miliampea. Na ukimaliza rudisha waya wa mita kwenye tundu la volti, kwa sababu ukienda kupima volti ukiwa umeusahau kwenye ampea, umeunganisha vichwa vya betri moja kwa moja.

Miliampea 1 au 2 ni halali, ni saa ya dashibodi na kumbukumbu ya kompyuta. Ikifika 20 naanza kuuliza maswali. Ikifika 50, hiyo ni Ah 1.2 kwa siku.

Mita ikiwa bado imeunganishwa, chomoa kitu kimoja kimoja ukitazama namba. Nyaya za winchi. Soketi ya USB. Upau wa taa. Fyuzi moja baada ya nyingine. Mwisho rekitifaya, kile kipande cha alumini chenye mapezi. Kwenye nyingi ina plagi mbili: moja inakwenda kwenye koili kwa nyaya tatu zenye rangi moja, mara nyingi njano, nyingine inakwenda kwenye betri. Usizichomoe pamoja. Chomoa ya koili, soma namba, andika. Kisha ya betri, soma tena. Tofauti kati ya hizo mbili nitaihitaji.

Upande wa kuchaji, injini ikiwaka na waya wa betri umefungwa imara: kwenye mizunguko kama 4,000 kwa dakika nataka kuona kati ya 13.8 na 14.8. Wewe huna hiyo, tunajua. Basi acha mita palepale kwenye betri, igeuze kwenye volti za AC (umeme unaogeuka geuka, kama unaotoka kwenye koili). Ikizidi nusu volti, kuna mawimbi yanayovuja.

Zima. Chomoa ile plagi ya nyaya tatu, washa tena kwa betri iliyojaa, na upime AC kati ya waya wa kwanza na wa pili, wa pili na wa tatu, wa kwanza na wa tatu. Hapo volti ni kubwa, vidole vikae mbali. Kiasi chake kinategemea modeli, lakini ukiongeza mafuta kinapanda, mara nyingi hadi 50 na zaidi, na lazima zote tatu zilingane. Moja ikibaki nyuma, koili ina kasoro. Zima tena, pima omu (ukinzani) kutoka kila waya hadi kwenye fremu: mita isionyeshe njia kabisa. Usihangaike sana na omu za kati ya nyaya zenyewe. Ni chini ya 1 na waya za mita yako zina omu zake, utajichanganya.

Hivyo vyote havihitaji kumwaga oili. Lete namba.

BintiSpana

Nakazia tu la FundiNyaya. Ukiwa pale kwenye plagi ya nyaya tatu, usiichomoe haraka ukaendelea. Itazame. Plastiki ikiwa imebadilika kuwa kahawia karibu na pini moja, hiyo ni habari kuliko nusu ya vipimo. Na kabla ya yote kaza vichwa vya betri na ule waya wa hasi pale unapofungwa kwenye fremu. Piga msasa chini yake, ATV zinaogelea matopeni na hiyo sehemu inashika kutu chini ya boliti ambako huioni.

TopeMagotini

Nimerudi wakuu, namba hizi hapa.

Betri ilichajiwa ikapumzishwa: 12.9. Stata ikizungusha inashuka hadi 10.6.

Swichi imefungwa: miliampea 163. Nilidhani nimeunganisha vibaya, nikarudia, ileile.

Nyaya za winchi nje: 163. Samahani Kifaru. Soketi ya USB nje: 157. Upau wa taa: 157. Fyuzi za sanduku zote: 157. Rekitifaya, plagi ya koili nje: 157. Plagi ya betri nje: 1.4. Nilipiga kelele peke yangu kule bandani.

AC kwenye betri injini ikiwaka: 1.9. Koili peke yake, nikiwa nimeongeza mafuta: 58, 58, 57. Kwenye fremu haionyeshi njia.

Na dada BintiSpana, pini moja kati ya zile tatu ni ya kahawia na plastiki yake imelainika kama iliwahi kuyeyuka kidogo. Mapezi ya rekitifaya nayo siwezi kuyaona, ni tope gumu tupu.

FundiNyaya

Umefanya kazi safi. Sasa nakitaja: rekitifaya. Koili yako ni nzima, asiiguse mtu.

Miliampea 157 ni karibu Ah 3.8 kwa siku. Kwa betri ya Ah 14, siku mbili zinamaliza zaidi ya nusu, na mchana ilikuwa haijazwi. Ndiyo ile tik tik tik yako.

Sababu ya kukutaka uchomoe plagi moja moja ni hii. Ndani ya hicho kipande kuna daiodi sita, mbili kwa kila waya wa njano: moja inaelekea chanya, nyingine inatoka hasi. Daiodi ya juu ikifa peke yake, umeme wa betri unaingia kwenye koili lakini hauna pa kutokea, labda koili iwe inagusa fremu au daiodi ya chini ya waya mwingine iwe inavuja. Kesi hiyo ingekuwa yako, kuchomoa plagi ya koili kungeikata njia na namba ingeshuka. Haikushuka hata kidogo. Maana yake njia nzima iko ndani ya rekitifaya yenyewe, na ndiyo hiyo inayomwaga mawimbi ya AC kwenye betri na kupepesa taa.

Kama mita yako ina alama ya daiodi, thibitisha ikiwa imechomolewa kote. Ncha moja kwenye pini ya chanya, nyingine kwenye kila njano, kisha geuza ncha. Kisha hivyo hivyo na hasi. Nzima inasoma kama 0.5 upande mmoja na upande wa pili haisomi. Inayosoma pande zote mbili imekufa. Kipimo hiki ni cha zile za kawaida. Rekitifaya za MOSFET (zinazotumia swichi za kielektroniki) na zile zinazokata njia badala ya kumwaga umeme uliozidi zinaweza kusoma tofauti hata zikiwa nzima, hapo usihukumu kwa daiodi peke yake.

BintiSpana

Na ukifunga mpya juu ya plagi ile ya kahawia, utarudi hapa. Pini iliyolegea ina ukinzani, ukinzani unazaa joto, joto linailegeza zaidi. Huku nyuma waya mmoja ukikatika katika, zile mbili zilizobaki zinabeba mzigo wa nyaya zote tatu. Kata plagi yote pande zote mbili, funga mpya yenye pini nene na mpira wa kuzuia maji, ubane pini kwa koleo lake, si kwa meno ya pliers. Wengine hulehemu nyaya tatu moja kwa moja bila plagi. Inafanya kazi, ila siku ya kupima koili tena utakata ulichokilehemu.

Ukishafunga, washa taa zote, injini juu kidogo, weka ncha moja ya mita kwenye waya wa chanya unapotoka rekitifayani na nyingine kwenye kichwa cha chanya cha betri. Volti za DC. Isizidi 0.2 au karibu na hapo. Fanya hivyo hivyo upande wa hasi: mwili wa rekitifaya hadi kichwa cha hasi. Hiki ndicho kipimo ninachokipenda kuliko vyote, kwa sababu kinakamata waya mbovu ambao ukiupima kwa omu unaonekana mzima.

Kifaru_Mwekundu

Sawa, winchi imeshinda kesi. Lakini mnaonaje ule upau wa LED? Mimi ningemwambia asiwe anaziwasha taa nyingi ili rekitifaya mpya isichoke.

FundiNyaya

Hapo ndipo watu wengi wanapokosea, na nakuelewa kwa nini, inaonekana kama akili ya kawaida. Rekitifaya za aina iliyoenea kwenye ATV, hasa za zamani kidogo, haziwezi kuiambia koili itoe kidogo. Koili ina sumaku za kudumu, injini ikizunguka inatoa kila ilichonacho. Umeme usiotumika rekitifaya inaumwaga kwenye hasi na unageuka joto kwenye koili na kwenye mapezi. Kwa hiyo kuzima taa hakuipumzishi. Kinachoiua ni joto lisilopata pa kwenda, na yake imevikwa tope. Aioshe, na kama kuna nafasi aihamishe mahali panapopata upepo bila kurushiwa matope na gurudumu.

Ipo aina nyingine inayokata njia badala ya kumwaga, inaitwa ya siriizi. Joto lake ni dogo na koili inapumua. Ni ghali kidogo kuliko ile nyingine na kwa mtu anayetembea polepole kwenye joto mimi ningeichukua. Ila ahakikishe inafaa kwa umeme wa nyaya tatu na ampea za koili yake.

Taa zina kesi yao, lakini ni ya upande wa hesabu. Injini ikinguruma chini koili inatoa sehemu ndogo tu ya uwezo wake. Ukiwasha upau, feni inazunguka na usukani wa umeme unafanya kazi, betri inachangia bila wewe kujua. Winchi ndiyo kabisa, ikivuta mzigo mzito inakula ampea za mamia na hakuna koili ya ATV inayofika huko. Kila unachovuta kwa winchi unakivuta kwa betri, halafu safari ya baadaye inalipa deni. Ongeza mafuta unapovuta, pumzika kati ya mvuto na mvuto, na usizime injini mara tu ukimaliza.

TopeMagotini

Imekwisha wakuu. Daiodi: njano mbili ziko sawa, ya tatu ilisoma pande zote, kwa chanya na kwa hasi. Ni ile ile ya pini ya kahawia.

Nimefunga ya siriizi, plagi mpya, na nimeihamishia juu karibu na fremu ya mbele. Sasa nikiongeza mafuta napata 14.3 imetulia, taa hazipepesi, AC kwenye betri ni 0.03. Chanya inapoteza 0.08, hasi 0.05.

Swichi ikifungwa ni miliampea 7.4, yaani 1.4 na soketi ya USB. Niiache?

BintiSpana

Kama unaiendesha kila wiki, haina neno. Miliampea 6 ni karibu Ah 1 kwa wiki. Ila ikikaa mwezi imekula zaidi ya Ah 4, na ukiongeza ile 1.4 na betri inavyojipungukia yenyewe, utaikuta chini ya hapo unapotaka. Hiyo taa ndogo ya kuonyesha volti ndiyo inayokula. Chukua relei ndogo, umeme wa kuiamsha utoe kwenye waya wa taa ya nyuma ambao hufa swichi ikifungwa, soketi iingie kupitia hapo na fyuzi yake. Usiiunganishe kwenye waya wa taa moja kwa moja, chaja ya simu mbili ni mzigo ambao waya huo haukutengenezewa.

Kifaru_Mwekundu

Nimepima yangu kwa sababu yenu. Winchi nilishaifungua, na bado inasoma miliampea 71. Nichomoe nini?

FundiNyaya

Fungua uzi wako Kifaru, huu tusiuchanganye na namba za pikipiki nyingine. Andika mwaka wa modeli, orodha ya kila kilichoongezwa baada ya kiwandani, na volti za betri ikiwa imepumzika. Kisha plagi ya koili kwanza, ya betri baadaye, moja moja.